Spoki Arobaini za Nyuma: Gurudumu la Baiskeli katika Mpaka wa Busia na Tororo

Mnunuzi wa baiskeli kuukuu mjini Busia haanzi na rangi wala kengele. Huinua keria kwa mkono mmoja, akazungusha pedeli kwa mkono wa pili, gurudumu la nyuma likaenda kasi hewani, naye akakaza macho pale rimu inapopita katikati ya vyuma vya fremu. Rimu ikiyumba kushoto na kulia, bei inashuka kabla neno halijasemwa. Kisha hubana spoki mbili mbili kwa vidole, akizunguka gurudumu zima, akitafuta iliyolegea. Huu ni ukaguzi wa mtu anayejua riziki yake inakaa wapi. Kati ya Busia, Malaba na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa zaidi ya nusu karne, abiria, magunia ya mahindi, matrei ya mayai, samaki wa Ziwa Victoria na kahawa ya magendo vimepita juu ya gurudumu la nyuma, na aliyekosea kulichagua alilipa kwa muda, kwa mgongo na kwa mfuko.

Gurudumu lenyewe halijabadilika sana tangu enzi za babu zetu. Kipenyo chake ni inchi 28, tairi lina upana wa inchi moja na nusu, rimu ni ya chuma, spoki ni 32 mbele na 40 nyuma. Ni mtindo wa Waingereza ambao Wahindi waliurithi na kuuendeleza, na Uingereza yenyewe iliuacha zamani. Mgeni anayeiona baiskeli nyeusi ya Busia leo huona umaskini. Mimi naona uamuzi. Watu wa hapa walijaribu magurudumu mengine, wakayapima kwa mizigo yao na kwa barabara zao, na mara nyingi wakarudi kwa lile ambalo fundi aliyeketi chini ya mwembe anaweza kulifufua kabla jua halijatua.

Habari hii inaanzia mbali na Busia. Gurudumu la mkokoteni wa kale lilisimama juu ya mti: uzito ulikaa kwenye mbao iliyoko chini, nayo mbao ikausukuma kwenda ardhini. Waya mwembamba hauwezi kazi hiyo, kwa sababu ukisukumwa unajikunja. Mwaka 1869 fundi Eugène Meyer wa Paris alipata haki ya ubunifu kwa gurudumu la waya zilizokazwa, na mwaka 1874 James Starley wa Coventry akasajili spoki zinazopishana, zinazotoka kwenye habu kwa upande badala ya kunyooka moja kwa moja hadi kwenye rimu. Mpishano huo ndio unaoiwezesha nguvu ya mnyororo kufika kwenye tairi bila kuzivunja spoki. Mpwa wake, John Kemp Starley, alitoa baiskeli ya Rover mwaka 1885, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo wa nyuma, na umbo hilo ndilo tunalolijua hadi sasa. Miaka 3 baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akasajili tairi la upepo. Robert William Thomson alikuwa amelibuni kabla yake, mwaka 1845, lakini wakati huo hapakuwa na baiskeli ya kulivalisha.

Siri ya gurudumu la spoki ni kwamba waya zote zimekazwa kabla mzigo haujapanda. Mzigo ukikaa, spoki za chini kabisa hupungukiwa mkazo kidogo, kisha hurudishiwa zinapopanda juu. Maadamu mkazo wa mwanzo ni mkubwa, spoki haifiki mahali pa kulegea kabisa. Ikilegea, kila mzunguko unaitikisa pale kwenye shingo yake, inapopinda kuingia kwenye habu, nayo hukatika hapohapo, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi uchoke. Kwa hiyo spoki nyingi hazikatiki kwa sababu ya uzito peke yake. Zinakatika kwa kulegea. Waendeshaji wa Busia hawakuhitaji kitabu ili kulijua jambo hilo. Walilijua kwa kuokota vipande barabarani.

Reli ndiyo iliyolileta gurudumu hilo Afrika Mashariki kwa wingi. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na ukafika ziwani, pale Kisumu ya leo, mwishoni mwa 1901. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia chini ya himaya ya jirani, ile iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa na mstari ambao mababu zao hawakuulizwa, shamba upande huu, mjomba upande ule. Mwaka 1903 pamba ilianza kugawiwa wakulima wa Uganda, na haikuchukua muda ikaenea Bukedi na Teso, katika nchi ambayo jemadari wa Kiganda, Semei Kakungulu, alikuwa ameipasua barabara zake na kuzipanda mivule kandokando.

Kisha reli ya pili, iliyopitia Eldoret, ikavuka Malaba na kuingia Tororo katika miaka ya 1920. Tororo ikawa njia panda: tawi moja likaelekea Mbale na kufika Soroti mwaka 1929, shina likaenda Jinja na kufika Kampala mwaka 1931. Chini ya ule mwamba wa Tororo unaoonekana kutoka mbali, mabehewa yalishusha shehena kutoka Mombasa, na baiskeli za Raleigh, BSA na Humber zilikuwa miongoni mwake. Mkulima aliyeuza pamba yake vizuri alinunua bati, cherehani au baiskeli. Wengi walianza na baiskeli, kwa sababu ndiyo iliyowasaidia kuipeleka pamba ya mwaka uliofuata.

Kwa nini 32 na 40? Waingereza walitambua kwamba uzito mwingi wa baiskeli hukaa nyuma, na kwamba nyuma ndiko mnyororo unakovuta. Wakazigawa spoki 72 kulingana na kazi, mbele chache, nyuma nyingi. Viwanda vya nchi nyingine viliona ni rahisi kutoboa matundu 36 katika rimu zote mbili, na kwa mtu anayekwenda ofisini na mkoba hakuna tofauti anayoihisi. Kwa mtu aliyefunga gunia la kilo 90 kwenye keria, spoki nne za ziada kwa nyuma ni jambo kubwa. Mzigo unagawanywa kwa waya nyingi zaidi, na hata moja ikikatika njiani, rimu haipindi kiasi cha kumzuia kufika.

Hisia za safari nazo zilichangia uamuzi wa kubaki na gurudumu hili. Barabara ya murram huota mawimbi madogo yanayotikisa meno, na mvua ikiisha hubaki mashimo. Gurudumu dogo hutumbukia kwenye shimo. Gurudumu kubwa hupita juu ya kingo zake. Inchi 28 si nyingi sana kuliko inchi 26 kwa kuzitazama, lakini mgongo unazihesabu. Ongeza fremu ndefu iliyolala nyuma, foki iliyopinda mbele na kiti chenye springi, na unapata chombo kizito, kisichopenda haraka, kinachokwenda kwa utulivu hata abiria akikaa upande na miguu yote miwili ikining'inia kushoto. Utulivu huo ni biashara. Mama aliyebeba mtoto na kapu hapandi baiskeli inayocheza.

Na kweli abiria wakapanda. Katika miaka ya 1960, pale Busia, vijana wenye baiskeli walianza kuwavusha watu na mizigo katika kile kipande cha ardhi kilichotenganisha kituo cha forodha cha Kenya na cha Uganda. Basi lilimshusha msafiri upande mmoja, na gari la upande wa pili lilimngoja mbali, naye alikuwa na sanduku kichwani na jua la saa saba. Vijana waliita "boda! boda!", jina likaganda, likasafiri hadi Kampala, Kisumu na kwingineko, hatimaye likahamia kwenye pikipiki. Kilichohitajika kuanza kazi ni mto wa sponji juu ya keria, vijiti viwili vya kukanyagia na gurudumu la nyuma lililokazwa vizuri.

Miaka ya 1970 ililitia gurudumu hilo katika mtihani ambao watengenezaji wake hawakuufikiria. Idi Amin alichukua madaraka Uganda tarehe 25 Januari 1971. Agosti 1972 alitangaza kuwafukuza Waasia kwa kuwapa siku 90, na pamoja nao yakaondoka maduka mengi yaliyouza tairi, tyubu, mnyororo na gololi, na pia elimu ya kuagiza bidhaa hizo, ambayo haikurithiwa na waliopewa funguo. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili, bei ya kahawa duniani ikapaa, na mkulima wa Uganda aliyelipwa kwa shilingi isiyonunua kitu akaanza kutazama mashariki. Kahawa ikatoka, sabuni, chumvi, sukari na vipuri vikaingia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ulizidi kuwa mgumu kwenye karatasi na kubaki wazi vichakani.

Magendo kwa lori yalihitaji kuhonga wakubwa. Magendo kwa baiskeli yalihitaji njia za panya, usiku na gurudumu lisilopiga kelele. Rimu iliyogusa breki ingeweza kumtoa mtu roho. Hapo ndipo faida moja ya mtindo wa zamani ilipoonekana wazi. Breki zake huvutwa na fito za chuma badala ya waya, na mpira wa breki huibana rimu kwa ndani, kutoka chini kwenda juu. Rimu ikiyumba kidogo kushoto na kulia, breki haigusani nayo. Baiskeli za kisasa hubana rimu kwa pembeni, na yumbayumba ya milimita chache tu inatosha kuanza kukwaruza kila mzunguko. Mtindo wa fito una dosari yake, na si ndogo: chuma kilicholowa hakishikiki, na wakati wa masika mwendeshaji hulazimika kuanza kubana breki mapema kabla ya mteremko. Lakini gurudumu lake husamehe, na katika nchi isiyo na spea, gurudumu linalosamehe lilikuwa na thamani kuliko linalosimama haraka.

Tairi liliposagika hadi nyuzi, walilishona. Tyubu ilipata kiraka juu ya kiraka. Valvu za baiskeli hizi, zile za mtindo wa Dunlop, hufungwa na kipira chembamba kinachovishwa kwenye kipande cha chuma, na kipira hicho kikichoka hubadilishwa kwa mkono bila kifaa chochote. Valvu za mitindo mingine huhitaji kifaa, na baadhi zikiharibika unatupa tyubu nzima. Hizi ni tofauti ndogo ambazo duka la mjini halizitaji, nazo ndizo zilizoamua baiskeli ipi iendelee kutembea mwaka 1978.

Naomba tukae kidogo kwa fundi, maana ndiye mwenye historia hii. Baiskeli inageuzwa juu chini, ikasimama kwa kiti na usukani. Fundi anazungusha gurudumu na kuliwekea kidole gumba au kijiti kando ya foki, karibu na rimu bila kuigusa. Panapokwaruza, anasimamisha. Anatazama spoki za hapo: zinazokwenda upande wa kulia wa habu na zinazokwenda upande wa kushoto. Rimu ikiwa imevutwa kulia, analegeza ya kulia nusu mzunguko na kukaza ya kushoto nusu mzunguko, kisha anazungusha tena. Hakazi upande mmoja peke yake, kwa sababu rimu ingevutwa kuelekea katikati na gurudumu lingepoteza uduara; badala ya kuyumba likaanza kuruka. Spoki iliyoshika kutu kwenye kifungio chake anaitia tone la mafuta, anaisubiri, anaijaribu tena polepole, kwani akilazimisha itakatika mkononi mwake. Akimaliza anazibana spoki jozi kwa jozi kwa nguvu, mikono miwili, hadi zilie na kukaa mahali pake. Asiyefanya hivyo mteja wake hurudi kesho yake na gurudumu limelegea upya. Spana moja ndogo, mafuta kidogo na jicho: hiyo ndiyo karakana nzima.

Habu nayo ina hadithi yake. Ndani yake kuna gololi zinazokaa kwenye bakuli la chuma, zikashikiliwa na koni inayokazwa kwa spana. Zikichakaa unazihesabu, unanunua mpya kwa idadi, unatia grisi na kurekebisha koni hadi gurudumu lizunguke bila kutikisika. Habu za baiskeli za bei ghali zina beringi zilizofungwa, zisizoingiza vumbi kwa muda mrefu na zisizohitaji kuangaliwa. Zinastahili sifa zake. Ila zikifa zinahitaji mashine ya kuzisukuma nje na namba kamili ya beringi nyingine, na huko ndiko fundi wa barabara ya Tororo anakoishia.

Kuna magurudumu mengine ya Busia ambayo historia ya baiskeli huyasahau, nayo ni ya baiskeli za miguu mitatu zinazoendeshwa kwa mikono na watu wenye ulemavu. Wanazuoni Herbert Muyinda na Susan Reynolds Whyte waliandika juu yao: wafanyabiashara walioufanya mpaka kuwa ofisi yao, wakivusha bidhaa kwa idadi ndogo ndogo chini na nyuma ya kiti, huku maofisa wa forodha wakiwaachia nafasi ambayo wengine hawakuipata. Chombo kilichotengenezwa ili mtu aweze kwenda kanisani au shuleni kikageuka kuwa gari la mizigo. Na mzigo katika magurudumu matatu unatenda tofauti. Baiskeli ya magurudumu mawili hulala kwenye kona, kwa hiyo uzito unaendelea kushuka katika mstari wa spoki. Ya matatu hailali. Kwenye kona, uzito mwingi husukuma gurudumu la nje kwa ubavu, na spoki hazikuumbwa kwa kusukumwa ubavuni. Ndiyo maana magurudumu hayo hupinda mapema, na wamiliki wake huwa wateja wa kudumu wa mafundi. Nadhani hakuna watu waliojua thamani ya spoki iliyokazwa kuliko wao, kwa maana kwao gurudumu likivunjika, mguu umevunjika pia.

Kuanzia mwaka 1986, baiskeli zilirudi Uganda kwa wingi, safari hii kutoka Asia: Hero ya Ludhiana na Phoenix ya Shanghai, pamoja na Roadmaster iliyopata jina kubwa Uganda. Upande wa Kenya, serikali ilishusha ushuru wa baiskeli kutoka asilimia 80 hadi 20 katika miaka ya mwisho ya 1980, na mauzo yakaongezeka mno. Ile nyeusi ndefu Wakenya wakaiita Black Mamba. Umbo lilikuwa lilelile la Kiingereza, vipimo vilevile, na spea ya kiwanda kimoja iliingia kwenye baiskeli ya kiwanda kingine. Tatizo lilikuwa chuma. Spoki za bei ya chini zilikatika mapema na rimu laini zilipinda, mafundi wakajifunza kumwambia mteja anunue fremu mpya akitaka, lakini asiiuze rimu ya zamani ya Raleigh.

Ndipo zikaja baiskeli za mlimani, zenye magurudumu ya inchi 26, tairi nene, gia na breki za waya. Vijana walizipenda, na kwa mtu asiyebeba mzigo zina raha yake: tairi pana lenye upepo wa wastani hunyonya mawimbi ya murram kuliko tairi jembamba lililojazwa hadi likawa gumu. Rimu ya alumini hushika breki kwenye mvua, jambo ambalo chuma hakiwezi. Lakini gia za nyuma huchukua nafasi kwenye habu, rimu haikai tena katikati ya kingo mbili za habu zinazoshika spoki, na spoki za kulia hubaki na mkazo mkubwa kuliko za kushoto. Gurudumu kama hilo ni dhaifu zaidi kwa mzigo wa nyuma. Waendeshaji wa boda waliolijaribu walilirudisha nyumbani kwa watoto wa shule.

Jaribio lililofikiriwa kwa makini zaidi ni Buffalo, baiskeli ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, na ambalo hapa jirani lina kituo Kisumu. Nayo ina magurudumu ya inchi 26, ila spoki ni nene kuliko kawaida, rimu ni za chuma kizito, tairi ni pana, na breki imo ndani ya habu ya nyuma: unakanyaga pedeli kinyumenyume, inasimama. Keria yake imetengenezwa kubeba kilo 100. Breki ya ndani ya habu inaiondoa rimu kabisa katika kazi ya kusimamisha, kwa hiyo mvua haina neno tena na rimu ikiyumba haikwaruzi. Naiheshimu baiskeli hiyo kwa sababu walioichora walianza na mzigo na fundi, kisha wakarudi kwenye karatasi.

Pikipiki iliondoa abiria wengi kwenye keria. Kenya ilipofuta kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, mistari ya baiskeli zilizongoja wateja pale Busia ilifupika haraka, na upande wa Uganda hali ilikuwa imeanza kubadilika mapema zaidi. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, msafiri akawa anakaguliwa mahali pamoja badala ya pawili, na kile kipande cha ardhi kilichozaa kazi ya boda kikapungua maana. Baiskeli zikabaki na mizigo: vitunguu, mayai, mitungi ya maji, mikate ya asubuhi.

Mafundi wengi walihamia kwenye pikipiki wakiwa na mikono ileile, na huko wamekuta swali lilelile. Kuna pikipiki za magurudumu ya spoki na kuna za rimu iliyomiminwa kipande kimoja. Ya kumiminwa inapendeza, haihitaji kukazwa kila mara, na kwenye lami laini ni starehe tupu. Ikigonga shimo kwa nguvu barabara ya Tororo hupasuka, na rimu iliyopasuka ama inachomelewa na kuendeshwa kwa hofu, ama inanunuliwa nyingine nzima. Ya spoki ikipinda inaletwa chini ya mwembe. Waendeshaji wanaobeba saruji na matofali vijijini bado wanaagiza za spoki, na fundi anaweka kijiti kando ya rimu, anazungusha, anasikiliza panapokwaruza, kisha anatoa spana, kubwa kidogo kuliko ile ya zamani.